Ng'ombe ana herufi ngapi?

Jana mchana hapa London niliwaandikia wenzangu kazini neno moja kwenye karatasi, "ng'ombe", nikawauliza lina herufi ngapi. Mmoja akalitupia jicho, akasema sita, hiyo alama ya juu haihesabiwi, akaendelea kula. Basi! Hakuna aliyebisha. Mpaka sasa nimeudhika.

Si kwamba Waingereza hawapendi mafumbo. The Times linachapa fumbo la maneno tangu tarehe 1 Februari 1930, na kwenye treni za asubuhi utamwona mtu mzima amekunja gazeti mara nne, kalamu mdomoni, hana habari na aliyekaa ubavuni pake. Lakini kila kidokezo kinamalizikia na tarakimu kwenye mabano: (6), (4,3), (3-5). Koma ni nafasi kati ya maneno, kistari ni kistari, ritifaa haipewi kisanduku. Mtunzi keshahesabu kabla wewe hujafikiri. Utabishana na nani?

Lipeleke swali hilohilo kijiweni kwetu nyumbani, Mtaa wa Narung'ombe, kahawa imeshamiminwa na kashata zipo. Kwanza utanyooshwa wewe muulizaji: ng'ombe ana pembe na mkia, herufi hana, neno ndilo lenye nazo. Hapo tu vikombe viwili vimekwisha. Wa sita atasema sita. Wa saba ataitetea ritifaa kwa jina la mtaa wenyewe, maana ukiing'oa unasoma kitu kingine kabisa. Mtu wa mashairi herufi hazitaki, yeye anakwenda kwa mizani: ng'o-mbe, mbili. Na kila mmoja anasikilizwa mpaka mwisho, jambo ambalo huku sijaliona kwenye mkutano wowote.

Mjomba wangu ni wa nne. Ng', o, mb, e. "Kwetu C haisimami bila H," huwaambia, "sasa ch mnaihesabuje mbili?" Utotoni nilitumwa kumwita aje kula, nikawakuta katikati ya ubishi huo, nami nikaganda palepale. Wali ukapoa. Mama akaja mwenyewe na upawa mkononi kumgombeza kaka yake, akauliza wanabishania nini, akashika upande wa sita. Tulikula alasiri.

Mimi na mjomba tuko pamoja kwenye ng', ile ni sauti moja, sina shaka. Kinachonisumbua ni mb. Yeye anasema midomo inafunga mara moja tu, kwa hiyo ni moja. Sawa, nimejaribu, kweli inafunga mara moja. Lakini mbwa je? Pale m inajitegemea, tunasema m-bwa, silabi mbili, na midomo bado imefunga mara moja! Kama kipimo ni midomo, mbwa anamharibia hesabu yote. Nampigia leo jioni, na safari hii aniambie kwanza habari ya mbwa.