Nilizika Gunia la Mahindi

Mwanzoni mwa mwaka huu kuna wiki tatu nzima ambazo mama mwenye nyumba wangu hakuniitikia salamu. Asubuhi nafungua mlango, namkuta anafagia uwanja, nasema, "Mbukwa, mama." Yeye anaendelea kufagia kana kwamba kapita upepo. Kwa anayewajua Wagogo, watu wa salamu, hiyo si adhabu ndogo. Na chanzo cha yote hayo ni bei ya jumla.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mwandishi wa gazeti, na hapa Dodoma mfuko wa mwandishi unafuata ratiba ya Bunge. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kwisha mwishoni mwa Juni. Hiyo ndiyo miezi ambayo stori zinatoka kila siku, na sisi tunaolipwa kwa stori tunashika fedha ya maana. Likishaahirishwa, waheshimiwa wanapanda magari yao, nyumba za wageni zinabaki tupu, na sisi tunaanza kuhesabu shilingi. Kwa hiyo kila mwaka najiapiza kwamba safari hii fedha ya Juni nitaifunga kwenye chakula kabla haijayeyuka kwenye nyama choma.

Mwaka jana nilitimiza kiapo. Julai mwanzoni nilidandia gari la rafiki yangu mpiga picha, tukatoka na barabara ya Morogoro, tukapita Ihumwa, Chamwino, Mbande, mpaka Kibaigwa. Kama hujafika Kibaigwa wakati wa mavuno, jaribu siku moja. Mahindi kutoka Kongwa yenyewe, Kiteto na Gairo yanamwagika pale, malori yamepanga mstari, na vumbi la pumba linakaa kwenye kope. Wanunuzi wanatoka Dar es Salaam, wanatoka hadi Kenya. Bei ya pale mwezi wa Julai ukiilinganisha na bei ya unga wa dukani mtaani kwangu, unajiona ulikuwa mjinga miaka yote.

Nilikuwa nimepanga kununua gunia moja. Dalali akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, lori hilohilo, vibarua haohao, kwa nini moja?" Nikanunua mawili. Kilo 200 za mahindi, na mimi naishi peke yangu chumba kimoja Nkuhungu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mtu mmoja akila ugali kila siku anamaliza kama robo tatu ya kilo kwa siku mbili. Basi ni kilo 11 au 12 kwa mwezi. Julai mpaka Desemba ni miezi sita, yaani kilo 70 hivi. Gunia moja lingenivusha hadi Machi. Hesabu hii ni ya darasa la nne, na mimi nina shahada ya chuo kikuu. Niliifanya Januari.

Kwa miezi mitano nilikuwa mfalme. Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba haipati mvua ya maana, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, na ukavu huo ni ghala la bure. Gunia la pili lilisimama kwenye kona, juu ya sakafu ya saruji, limeegemea ukuta. Sikulitazama. Wageni wakija nawaonyesha kwa kidevu: "Chakula cha mwaka hicho."

Januari nikatumwa Kondoa kufuatilia habari, nikakaa siku tisa. Huku nyuma mvua ikanyesha kweli kweli. Maji yakapita chini ya mlango, yakakauka yenyewe. Niliporudi sakafu ilikuwa kavu, ila chumba kilinuka kama kiatu kilicholoa. Nikalisogeza gunia. Chini mahindi yalikuwa yameshikana kama tofali, mengine ya kijani, mengine meusi. Katikati yalikuwa na vumbi jeupe. Juu kabisa, wadau, yalikuwa yanang'aa kama siku niliyoyanunua.

Mama mwenye nyumba alikuja na ungo kabla sijamwita. Ana wajukuu wanne ndani, na Januari ndiyo mwezi wa shida huku kwetu: ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado yako shambani. Mwezi huo unga ulikuwa umepanda sana, na yeye alikuwa ananunua kilo moja moja dukani, siku nyingine nusu.

"Mwanangu, usitupe," akasema. "Ya chini nitawapa kuku. Haya ya juu nitayaosha, nitayaanika, nitasaga."

Hapo ndipo kazi yangu iliponiponza. Nilikuwa nimesoma yaliyotokea mwaka 2016 katika mikoa hii ya Dodoma na Manyara. Chemba, Kondoa na Kiteto, watu walianza kuugua: macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika. Zaidi ya watu 60 waliugua, na karibu 20 wakafariki. Wataalamu walipopima walikuta ni sumukuvu kwenye mahindi waliyokuwa wakila nyumbani kwao. Sumu hiyo inatoka kwenye ukungu na inashambulia ini. Kuosha hakuitoi, kuanika hakuiondoi, na moto wa kupikia ugali hauiwezi. Huwezi kuiona, na punje inayong'aa inaweza kuwa nayo. Ukimpa kuku naye inamdhuru, na yai lake unalila wewe.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa heshima, nadhani na kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwaka wa njaa sisi tulikula pumba. Wewe unataka kuzika mahindi?"

Nikayazika. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikayamwaga, nikayachoma kwa mafuta ya taa, nikafukia. Karibu kilo 100. Wajukuu walisimama mstari wakitazama. Mimi nimeandika habari za ajali na misiba, lakini sijawahi kujisikia vibaya vile. Hii ni ardhi iliyopata njaa ya Mtunya, ile ya mwaka 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita vya kwanza kupita yakichukua nafaka na mifugo na mvua nazo zikagoma. Jina hilo wazee wanalikumbuka hadi leo. Kuzika chakula Ugogo si jambo la mchezo.

Kuhusu kuzika sijutii. Watoto wale wanne wapo, wanacheza, na wanaendelea kuniita anko. Ninachojutia ni Julai. Gunia lile siku lilipofika lilikuwa safi, kavu na la bei ya chini. Ningemgongea mama mlango siku ileile nikamwambia, "Mama, chukua debe tatu kwa bei ya Kibaigwa, utanilipa kidogo kidogo," angekula mahindi mazuri, nami ningerudishiwa fedha. Badala yake nililiweka kwenye kona kama pambo, na yeye akawa ananunua kilo moja moja upande wa pili wa ukuta. Mwenye fedha ya kununua gunia analipa kidogo kwa kila kilo. Asiye nayo analipa zaidi kwa unga uleule, na ndiye mwenye watoto wengi wa kulisha.

Tangu hapo nimejifunza jambo moja. Ile nafuu ya bei ya jumla ni mshahara. Muuza duka anakuuzia ghali kwa sababu yeye ndiye anayetunza mzigo: analipa pango la stoo, anafukuza panya, anabeba hasara ikiharibika. Ukinunua kwa jumla umeichukua kazi yake. Usipoifanya, mshahara huo unaliwa na wadudu.

Haya, tuje kwenye orodha, maana najua kuna mdau amesoma hadi hapa akisubiri nimwambie anunue nini.

Vinavyofaa kununuliwa kwa jumla ni vile visivyooza na utakavyovimaliza tu. Sabuni ya mche nunua katoni. Sabuni hiyo ikikaa inakauka, na iliyokauka haiishi haraka. Chumvi, viberiti, karatasi za chooni, hivyo vifuate kwenye maduka ya jumla kuzunguka soko la Majengo bila wasiwasi. Sukari nayo inakaa, mradi uifunge kwenye ndoo yenye mfuniko, vinginevyo utakuwa unawafugia sisimizi.

Mafuta ya alizeti nunua dumu la lita 20 kama mko wengi. Sisi wa kanda ya kati, pamoja na jirani zetu wa Singida, ndiyo nyumbani kwa alizeti, na mafuta ya kukamuliwa mashineni ni matamu. Lakini usiyanunue yaliyokuwa yameanikwa juani kando ya barabara. Jua na joto vinayachachusha, na ukifungua dumu linakupiga harufu ya rangi. Ukiwa peke yako chukua lita tano.

Vitunguu nunua kipindi cha kiangazi, vitandaze mahali penye hewa, usiviache ndani ya gunia. Na ukiliona gunia limefungwa hadi limeota kilemba juu, usishangilie. Hiyo ni lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kile kilemba mkulima hakulipwa. Nunua kwa mizani.

Maharage chukua ya miezi miwili mitatu. Yakikaa sana kwenye joto yanakuwa magumu, yanachemka asubuhi hadi jioni, na ulichookoa kwenye bei unakilipa kwenye mkaa. Mchele ni hivyohivyo, kidogo kidogo, maana wadudu wanaupenda kuliko wewe.

Unga wa dona usinunue kwa wingi kabisa. Ule una kiini cha mahindi ambacho kina mafuta, na baada ya wiki chache unaanza kuwa mchungu. Hifadhi punje, saga debe moja moja. Nyanya kwa tenga waachie wenye shughuli za harusi. Karanga nazo zinashika ukungu kama mahindi, kwa hiyo nunua za kutosha wiki mbili, na iliyosinyaa au kubadilika rangi usiionje hata kwa utani.

Sasa mahindi yenyewe. Mwaka huu nimerudi Kibaigwa, safari hii na mama mwenye nyumba. Tulikuwa tumepatana Mei, siku aliyoniitikia "mbukwa" kwa mara ya pili mfululizo nami nikaona mlango umefunguka. Kaya nne za uwanja wetu tulichangishana, kila mmoja alichonacho. Mama alikataa kata kata gunia la kwanza tulilofunguliwa. Alitia punje mdomoni, akaing'ata, akaitema. "Bado linalainika. Hili litaoza." La tatu lilipolia ka! kwenye jino lake, akatikisa kichwa kukubali. Dalali akabaki anacheka. Kwa usalama na mimi nikafanya jaribio nililofundishwa na bwana kilimo mmoja: unatia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yana maji. Haikunata. Mama akanitazama kama mtu aliyeletewa cheti cha kuthibitisha kwamba jua limechomoza.

Tulinunua mifuko ya tabaka tatu, ile inayoitwa PICS, miwili ya nailoni ndani na mmoja wa nje. Unajaza, unakandamiza hewa itoke, unafunga kila tabaka peke yake. Dumuzi waliobaki ndani wanakosa hewa wanakufa, bila dawa. Masharti ni matatu: mahindi yawe makavu, mfuko usitobolewe na panya, na usifunguliwe kila siku. Kwa hiyo tunafungua mmoja kwa wakati, tunagawana madebe, kila kaya inaweka lake kwenye ndoo. Mifuko iko juu ya mbao, mbali na ukuta, chumbani kwa mama. Chumbani kwangu hakuna aliyependekeza.

Hatujui mvua za Desemba zitakuja na nini. Lakini kwa hesabu yetu, ambayo safari hii tumeifanya Julai, mfuko wa mwisho utafunguliwa Januari, mwezi uleule alionijia na ungo.

Juzi jioni tulikuwa uwanjani anachambua mlenda. Mjukuu wake mdogo akaniuliza kama kwenye lile shimo nyuma ya nyumba mahindi yataota. Kabla sijajibu mama akasema, "Yangeota, anko wako angeyazika tena."

Tukacheka wote. Ila nina hakika bado hajanisamehe.

Nawatakia kiangazi chema, wadau.