Ufito Umeiva Lini?

Beaune, Januari. Ukungu haujaondoka, na mashambani kila mahali kuna moshi. Wapogoaji wa Burgundy husukuma pipa la chuma lililopasuliwa nusu na kutiwa gurudumu. Humo huchomea fito walizokata, na humo hupashia vidole. Nimekuja na kamusi mbili na mwongozo wa kupogoa mizabibu niliopewa kuutafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kufikia adhuhuri kamusi zote mbili zimerudi begini.

Mama ninayemfuata nyuma ananionyesha mzabibu uliopogolewa kwa mtindo wa Guyot, jina la daktari Jules Guyot (1807–1872) aliyeueneza. Pana shina, ufito mmoja mrefu wenye macho 6 hadi 8 utakaozaa mwaka huu, na kando yake kisiki kifupi chenye macho 2, kitakachotoa fito za mwakani. Ule mrefu anauita “baguette”, yaani fimbo. Kile kifupi ni “courson”, neno lililobeba ufupi wake tumboni. Macho ni macho, kama ya muwa au ya muhogo kwetu. Hapo sikuhitaji msaada.

Kent, Februari. Nimevuka bahari kuwasikiliza Waingereza wakifanya kazi ileile, kwa sababu neno la mpogoaji halipatikani mezani. Ufito mrefu wanauita “cane”, neno lao la muwa na la bakora pia. Kile kisiki ni “spur”: kipi cha jogoo. Nilipochuchumaa nikakiona kimechomoza ubavuni mwa shina, kigumu, kimeinama kidogo, nilifuta “tawi fupi” katika rasimu yangu mara moja. Mfaransa amekipima urefu, Mwingereza ameona mguu wa kuku, na mkulima wa kila upande anakata mahali palepale. Jina la Guyot wameliacha kama lilivyo. Hata mkasi wenyewe wanauita “secateurs”, Kifaransa kitupu.

Neno lililoninyima usingizi ni “pleurs”. Udongo ukianza kupata joto, kabla macho hayajafumuka, mizizi huamka na kusukuma maji juu, nayo hudondoka kwenye kila jeraha la mkasi. Mfaransa husema machozi. Wakulima niliowauliza Kent walisema mzabibu unatoka damu. Nililipenda neno la machozi, nikataka kulilazimisha, lakini anayesoma mwongozo akiwa ameshika mkasi anataka neno la jirani yake shambani. Nikaandika damu, kisha nikaongeza sentensi moja ambayo Mfaransa hakuihitaji: maji haya kwa kawaida hayaudhuru mti. Machozi hayamtishi mtu. Damu humfanya mkulima mgeni atafute dawa ya kuiziba.

Chipukizi linaloota kwenye shina kuukuu na kula bila kuzaa, Kifaransa kinaliita mlafi. Kwa Kiingereza ni chipukizi la maji. Sisi tuna maotea, basi.

Nimekulia katika sura ya 15 ya Yohana, ile ya mzabibu na matawi yake, na usiku mmoja niliifungua kwa lugha tatu. Biblia yetu inasema tawi, na kitendo cha mkulima ni kusafisha. Ile ya Kifaransa ya Segond inasema “sarment”, neno halisi la shambani, na kitenzi chake “émonder” asili yake ni Kilatini cha kusafisha. Kiingereza kinasema “branch”, na ndiko walikopotelea watafsiri wengi, nami nilikuwa miongoni mwao. Kule Kent sikulisikia shambani. Ukiwa kijani ufito una jina moja, ukishakuwa mti una jingine, na anayeyachanganya atampeleka msomaji kukata kitu kisicho chake.

Lakini kijani kinageuka mti lini? Wafaransa wana “aoûtement”, neno lililozaliwa na Agosti, kwa kuwa mwezi huo ndipo gome linapoanza kuwa kahawia. Kulipeleka pamoja na mwezi wake nisingeweza. Kiingereza husomwa hata kwetu Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka; huko Agosti hiyo ingemchanganya kila mtu.

Mpunguzi, Dodoma, Aprili. Baba mdogo anapogoa. Namwamkia, anaitikia marahaba bila kuinua kichwa, nami namuuliza anajuaje ufito upi wa kuacha. Anaukunja mmoja kidogo, anakwangua gome kwa ukucha, ananipa niushike.

“Huu umeiva, mwanangu. Ule bado mbichi.”

Umeiva. Kent nao walisema mti wa mzabibu unaiva, kama tunda, nami nilikuwa nimelipita neno hilo nikitafuta la kitaalamu zaidi. Niliketi tutani nikatoa daftari. Yeye akahamia mzabibu wa pili.