Ukibakia na Nyama za Jirani Wakati wa Moto wa Pori

Wewe unayekaa kambi za migodi unajua vile kiangazi chetu kiko. Toka mwezi wa tano mvua inakatika, na kufika mwezi wa nane majani yote yamekauka. Mmoja anachoma pori atafute panya, mwingine anasafisha shamba, mwingine anaacha tanuru ya makala bila mlinzi. Kazi inayobaki, upepo unaimaliza.

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wanaiona ndogo: kuchunga nyama za nyumba ya mwenzako wakati moto uko karibu.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mzee mmoja jirani yangu, aliyefiwa na mke wake, alikwenda Lubumbashi kupasuliwa jicho. Aliniachia ufunguo, mbwa mmoja, mbuzi watatu na njiwa. Akaniambia: "Pasta, batoto bangu bote beko mbali. Hii imbwa njo inanipokeaka pa mulango." Nikaelewa alichonikabidhi.

Siku mbili zikapita, moto ukatokea nyuma ya kilima. Toka hapo, kila asubuhi nilipanda juu ya kichuguu kuangalia moshi unalala upande gani. Kisha nilimwaga maji ya beseni, juu yalijaa majivu, na kutia mengine. Mbwa nilimpa bukari na ndagala; hakugusa, alilala pa mlango akinusa upepo. Mbuzi niliwapeleka kwenye uwanja wa mpira, kwa sababu udongo mtupu hauwaki. Njiwa niliwaingiza ndani na kufunika dirisha kwa kitambaa chenye maji, maana moshi unaumiza ndege upesi kuliko sisi. Mchana nilishika jembe na kulima njia ya moto kuzunguka nyumba. Usiku mbwa hakufungwa mnyororo: mnyama aliyefungwa hawezi kujiokoa.

Siku ya nne, saa tisa ya mchana, moto ukafika kwenye mabua ya mahindi. Vijana walikuwa wanaupiga kwa matawi mabichi. Mama na watoto wetu walikuwa wamekwisha kuvuka barabara. Mama akaniuliza: "Ukikawia kule, nani atachunga hawa?" Alikuwa na haki. Nikamwambia nitaingia mara moja tu, sitarudia. Nikafungulia njiwa waruke. Mbwa alikataa kuacha mlango wa bwana wake, nikambeba mabegani. Mtu mmoja akapiga kelele: "Baba Pasta, batu beko banatosha bintu, weye unabeba imbwa!" Sikumjibu, moshi ulinijaa kifua.

Jioni upepo ukageuka, na moto ukafa kwenye ile njia niliyolima. Njiwa wawili hawakurudi. Mzee alipofika nilimwambia yote. Akawahesabu, akanyamaza, halafu akamshika mbwa kichwa kwa muda mrefu.

Msomaji, usifikiri haya ni mambo ya watu wenye nafasi tu. Marekani, wakati wa tufani ya Katrina mwaka 2005, watu wengi walikataa kutoka nyumbani juu hawakuruhusiwa kubeba mbwa na paka wao. Mwaka 2006 wakatunga sheria kwamba mipango ya kuhamisha watu ihesabu na wanyama wa nyumbani. Walijifunza kwamba ukimsahau mnyama, unaweza kumpoteza na mwenye mnyama.

Basi, ukikubali kubakia na nyama za mwenzako, muulize mbele hajaondoka: tukikimbia, tunawapeleka wapi? Kamba ziko wapi? Nani wa kupigia simu? Lima njia ya moto mapema. Kama wakubwa wa mahali wanakubali kuchoma majani, mchome pamoja mwezi wa tano au wa sita, yakiwa bado na unyevu. Moto wa mwisho wa kiangazi ni mkali zaidi na unaua miti. Na watoto watoke kwanza, siku zote.

Kiangazi kinakuja tena. Zungumza na jirani yako wiki hii, majani yangali mabichi.