Mficha Uchi Hazai

Ndugu zetu wasomaji, haya ni pambo la Muislamu. Lakini haya imtiayo mtu madharani si pambo tena. Twasema hivi kwa kuwa yametufika wenyewe.

Miaka miwili tuliumwa chini ya kinena na katika msamba. Kuketi darasani msikitini kulikuwa adhabu, kukojoa kulikuwa kwa mashaka, na baada ya tendo la ndoa maumivu yalizidi. Tukawa twamkwepa mwenzetu wa nyumbani bila ya kumwambia sababu, naye akadhani tumepata mwengine. Mara tatu tulinunua dawa za kuua vijidudu pasina kupimwa, zisitufae kitu.

Hatimaye tukamkumbuka Sayyidna Ali (r.a.), aliyeona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya madhi kwa kuwa amemuoa binti yake. Hakunyamaza, bali alimtuma Miqdad amuulizie. Basi nasi tukamtuma kaka yetu atutafutie tabibu.

Tabibu alitusikiliza, akaipima tezi dume kwa kidole, akataka mkojo uchunguzwe, ajue kama mna vijidudu, au kichocho, kijulikanacho sana kwetu pwani. Havikuonekana. Akatueleza kuwa mwaka 1995 wataalamu waliokutana Marekani waliyagawa maradhi ya tezi hiyo mafungu 4. Na la 3, lililo jingi kuliko yote, ni maumivu ya nyonga yadumuyo miezi 3 au zaidi pasina vijidudu kuonekana. Si saratani, wala si ushahidi wa zinaa. Mara nyingi misuli ya chini ya nyonga huwa imekazana, na wasiwasi huizidisha.

Hakuna dawa moja imfaayo kila mtu. Sisi tulipewa dawa ya kulegeza njia ya mkojo, tukaamrishwa kukalia maji ya vuguvugu, na tukafundishwa mazoezi ya kuilegeza misuli ile. Maumivu hayakwisha yote, ila yamepungua sana, alhamdulillahi.

Usiku tuliotoka kwa tabibu tulimweleza mwenzetu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa nini tulimwacha na dhana miaka miwili. Hatukuwa na jawabu.

Enyi vijana, msingoje mpaka muulizwe swali hilo. Na aonaye damu katika mkojo, au homa, au akazuilika kukojoa, asilale: aende kwa tabibu siku ile ile. Mwenyezi Mungu atupe afya na ulimi wa kusema kweli.