Bawa Lisilo na Mfupa

Kuku ana mabawa mawili. Jambo hilo halihitaji ushahidi wa mtaalamu. Huko Birongo, katika Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii, hata mtoto ambaye hajaanza shule analijua, kwa maana amewahi kumfukuza jogoo migombani akamkamata kwa mabawa yayo hayo. Si ajabu basi kwamba kijana mmoja mzaliwa wa Birongo, alipopata kazi ya upishi katika mkahawa mmoja jijini Nairobi na kuamriwa siku ya kwanza atayarishe mabawa ya wateja wa jioni, alifungua friji na kusimama kimya. Hakuona bawa hata moja. Aliona trei za vidari vya kuku, vyeupe, vinene, vilivyokwisha kuchunwa ngozi na kutolewa mfupa. Akadhani amefungua friji isiyo yake. La hasha! Hayo ndiyo yaliyoitwa mabawa.

Mabawa yasiyo na mfupa, kama yanavyouzwa mikahawani, si mabawa yaliyochomolewa mifupa. Kazi hiyo inawezekana, lakini ni ya kumchosha mpishi kwa faida ya tonge moja la nyama. Kinachotumika ni kidari. Hukatwa vipande vya unene wa vidole viwili, vikalowekwa kwa saa kadhaa katika maji ya chumvi au maziwa ya mgando ili chumvi ipenye na nyama ishike maji, maana kidari hakina mafuta ya kukitetea mbele ya moto. Vipande vikishatolewa, hugaragazwa katika unga wa ngano uliotiwa chumvi, pilipili manga na unga wa kitunguu saumu. Huchovywa katika yai lililopigwa pamoja na maziwa. Kisha hurudishwa ungani mara ya pili. Ni unga huo wa mara ya pili unaofanya ganda. Baada ya hapo huzamishwa katika mafuta yenye joto la nyuzi 175 za selsiasi kwa dakika nne au tano, hadi kiini cha nyama kifikie nyuzi 74, joto ambalo vimelea vya maradhi haviponei. Hatimaye hutiwa katika bakuli pana, sosi ya pilipili na siagi ikamiminwa juu, na bakuli likarushwarushwa mpaka kila kipande kipakazwe.

Hiyo ni njia ya jikoni lenye mpishi. Katika migahawa mikubwa yenye matawi mengi, aghalabu vipande hufika vikiwa vimekwisha kukatwa, kupakwa unga, kukaangwa nusu na kugandishwa kiwandani. Na vipo vingine ambavyo nyama yake imesagwa kwanza kisha ikafinyangwa ipate umbo. Hapo anayeitwa mpishi hubakiwa na kazi ya kutazama saa.

Bawa halisi lina tabia nyingine. Lina sehemu tatu: ile iliyo karibu na bega, inayofanana na paja dogo, ile ya kati, yenye mifupa miwili myembamba iliyolala sambamba, na ncha, ambayo ni ngozi na mfupa mtupu na nafasi yake ni sufuria ya supu. Mpishi anayejua kazi hukata penye kiungo, wala hapasui mfupa. Hafungi ngozi kwa unga. Huikausha kwa kitambaa, na akiwa na subira huyaacha mabawa usiku kucha ndani ya friji bila kifuniko. Kati ya ngozi na mfupa kuna kolajeni nyingi, ile kamba laini inayoshikanisha mwili. Joto likizidi, kolajeni huyeyuka ikawa jelatini, na ndiyo inayowafanya walaji kulamba vidole. Kwa hiyo bawa likifika nyuzi 85 au hata 90 huwa tamu zaidi, ilhali kidari kikifika huko kimekuwa ubao.

Ukitaka kulinganisha vitu hivi viwili kwa haki, anza na ganda. Ganda la bawa ni ngozi yake mwenyewe iliyokaangwa ikatoa mafuta. Ganda la kipande cha kidari ni unga unaojaribu kufanya kazi ya ngozi. Hujaribu vizuri kwa dakika kumi hivi, kisha hunywa sosi na kulegea. Mlaji wa bawa huonja kuku kwanza na sosi baadaye. Mlaji wa kidari huonja sosi, akaonja unga, na kuku humjia mwisho kama mgeni aliyechelewa. Hata hivyo, haki haina budi kutendewa pande zote. Kidari kina nyama nyingi, hakimchafui mlaji, na mtoto hawezi kusakamwa na mfupa usiokuwamo. Huenda ndiyo sababu kimepata wapenzi wengi.

Sababu kubwa zaidi, lakini, ni hesabu. Bawa moja hutoa vipande viwili vya kuliwa, kwa hiyo kuku mzima hutoa vinne. Sahani ya vipande kumi na viwili inataka kuku watatu. Kidari cha kuku mmoja wa kufugwa kwa nyama peke yake kinatosha kuijaza sahani hiyohiyo. Zamani hesabu hiyo haikumsumbua mtu, kwani bawa lilikuwa la kutupiwa supu. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1964 katika Anchor Bar, mjini Buffalo, jimbo la New York, ambako Teressa Bellissimo anasemekana kukaanga mabawa na kuyapaka sosi ya pilipili. Jamaa wenyewe walikisimulia kisa hicho kwa namna zaidi ya moja. Sahani ile ya kitoweo cha masalio ikawa kipenzi cha Marekani nzima, hasa kwa watazamaji wa mechi. Mahitaji yakapanda, lakini hakuna mfugaji aliyefanikiwa kumpata kuku mwenye mabawa manne. Bei ya bawa ikapanda nayo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 migahawa mikubwa ikagundua kwamba kidari kikikatwa vidogo na kupakwa sosi ileile, kinaweza kurithi jina bila kurithi mfupa.

Jina hilo limefika hata mahakamani. Mwaka 2016, katika mji wa Hamilton, jimbo la Ohio, mteja mmoja aliyeagiza mabawa yasiyo na mfupa alimeza mfupa mwembamba uliomkwama na kumletea ugonjwa mkubwa. Alishtaki. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua, kwa kura 4 dhidi ya 3, kwamba maneno "yasiyo na mfupa" yanaeleza mtindo wa upishi tu na si ahadi kwamba mfupa haumo. Kama vile alaye vidole vya kuku anavyojua kwamba hakuandaliwa vidole. Majaji watatu walikataa hoja hiyo, wakaona kwamba swali kama hilo lilistahili kuamuliwa na wazee wa baraza. Mwanafunzi wa semantiki atakubali kwamba hukumu ile ilikuwa nusu darasa la isimu. Jina lenye maneno mawili, bawa na mfupa, lilitangazwa kuwa halimaanishi lolote kati ya hayo mawili. Miaka minne kabla yake, katika mji wa Lincoln, Nebraska, raia mmoja alisimama mbele ya baraza la mji akaomba jina hilo lifutwe. Watu walicheka. Sheria ya Kenya ingemsikiliza kwa makini zaidi, kwa kuwa Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu anachokinunua.

Yule kijana hakuwa na habari za Ohio. Swali lilimjia nyumbani. Alipopewa likizo alibeba kilo mbili za vidari na chupa ya sosi, akawapikia watu wa kwao Birongo kama alivyokuwa akiwapikia matajiri wa jiji. Nyanya yake, Magokoro kama Abagusii wamwitavyo nyanya, alichukua kipande, akakigeuza, akakitazama upande huu na upande ule.

"Mjukuu wangu, hii ni nyama ya wapi?"

"Ni bawa, Magokoro."

"Bawa la ndege gani huyo?"

Akala. Akala na cha pili, na cha tatu. Bikizee yule alikuwa amebaki na meno machache, na kuku wa kienyeji, ambaye hutembea kutwa nzima na kuchinjwa akiwa na miezi mingi, hutaka kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kutafunika. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiishia mchuzi. Siku ile alikula nyama. Mtu anayekidharau kidari kilichokaangwa angefaa kuketi pale amwone.

Lakini alipomaliza kula alisumbuka kwa jambo jingine. Katika nyumba yake kuku hakuwahi kuwa nyama tu, alikuwa mpangilio. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya firigisi ilikuwa ya mzee wa nyumba, na kumpa mwingine kulikuwa kumwambia mzee jambo zito bila kufungua kinywa. Kwa Magokoro, paja lilimwendea mgeni, mgongo na shingo vikabaki kwa wapishi, mabawa wakapewa watoto, waliyoyapigania kwa furaha. Kila mmoja aliyeketi aliusoma mfupa ulio mbele yake akajua anaheshimiwa kiasi gani. Siku ile jirani mmoja mzee alikuwa amealikwa, naye alipewa vipande sita visivyotofautiana kwa lolote na sita vya mtoto wa darasa la pili. Jirani hakulalamika. Magokoro ndiye aliyeona haya, kwa kuwa hakuwa na kipande cha kumwonyesha kwamba yeye ni mgeni.

Na hapo pana jambo ambalo wapishi wa jiji hawalitaji. Kuku wa kienyeji hana kidari cha kukatwa hivyo. Chake ni chembamba, kimekaza, kimezoea kazi. Mabawa yasiyo na mfupa yanamtaka kuku mwingine, yule wa broila, aliyezalishwa kwa vizazi vingi ili kidari kinenepe, na anayechinjwa akiwa na majuma matano au sita. Anayeleta chakula hicho Birongo analeta na ndege wake, na chakula cha ndege, na friji ya kumhifadhi.

Kijana alikuwa amekwisha kuamua kurudi. Aliiacha kazi ya Nairobi, akakodi kibanda sokoni Birongo, akanunua karai la kina na gesi. Rafiki zake walimshauri aandike ubaoni "mabawa laini yasiyo na mfupa", maana jina hilo lina mvuto wa jiji na wanafunzi hulikimbilia. Alikaa na chaki mkononi kwa muda. Mwishowe aliandika mistari miwili, yenye bei mbili: "Mabawa ya kuku" na, chini yake, "Vipande vya kidari vya kukaanga".

Wapo waliomwambia kwamba amejipunguzia wateja, na kwa majuma machache ya kwanza walisema kweli. Mabawa huisha mapema kwa sababu ile ile ya Buffalo, kuku ni wawili-wawili tu. Kidari huuzwa hadi jioni, sana kwa wanafunzi na wazee. Shingo, migongo na ncha za mabawa huchemshiwa supu ya alfajiri inayonywewa na waendeshaji wa bodaboda. Magokoro hutumiwa kidari katikati ya juma. Akipata mgeni, humtuma mtoto kibandani na maagizo ya neno moja: paja.