Karatasi ya Baba

Baba alikuwa na miaka 71 alipofanyiwa ekografia ya moyo. Kifaransa chake ni cha shule ya zamani, na macho yamechoka. Alinipa karatasi: «Wewe uko unasoma lugha. Nisomee.»

Iliandikwa kwamba aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, umepanuka hadi milimita 43. Chini yake daktari aliongeza: apime presha, asibebe mizigo mizito, arudi baada ya mwaka.

Nilikunja karatasi. «Hakuna neno, baba. Mshipa umezeeka kidogo tu.» Nilidhani namhurumia.

Juma lile lile nilimkuta ameinua mfuko wa unga wa kilo 25 kutoka mlangoni hadi jikoni. Mtu akibana pumzi na kuinua mzigo, presha hupanda ghafula, na ukuta wa mshipa ule ndio unaoipokea. Baba alibeba mfuko, lakini ruhusa niliitoa mimi.

Jioni nilimsomea upya, mstari kwa mstari. Kwa neno moja la Kifaransa nilikuwa na mawili: kuvimba na kupanuka. Kuvimba kungemfanya afikiri jipu, labda hata ulozi. Nilisema kupanuka, kama mto wakati wa mvua. Safari hii sikuficha lililobaki: mshipa unaweza kupasuka, maumivu makali ya ghafula kifuani au mgongoni ni ya kukimbizwa hospitali saa ile ile, hata usiku, na kwa kawaida madaktari hufikiria upasuaji ukikaribia milimita 55.

Alinyamaza kidogo. «Kumbe iko na hesabu. Mbona ulinificha?»

Sikuwa na jibu.

Sasa ana daftari. Kila asubuhi huandika tarehe, presha na dawa aliyomeza. Mwaka uliofuata kipimo kilisema 44. Daktari alieleza kwamba tofauti ya milimita moja yaweza kutokana na upimaji wenyewe. Hata hivyo, usiku wa kuamkia kipimo hatulali vizuri, yeye wala mimi.

Darasani tunaulizwa mtafsiri awe mwaminifu kwa nani, mwandishi ama msomaji. Msomaji wangu wa kwanza yuko bustanini, anamwagilia lengalenga kwa ndoo ndogo. Mfuko wa unga naubeba mimi.