Amandina Lihamba na Kazi ya Kuwapa Watu Sauti

Tunapofundisha tamthilia katika madarasa yetu, majina tunayoyaandika ubaoni huwa ni ya waandishi. Mwanafunzi hukariri jina la mtunzi, mwaka wa kuchapishwa kitabu, wahusika na dhamira, kisha hukifunga kitabu. Ni nadra kumtaja mtu aliyelichukua andiko lile akalisimamisha jukwaani: mwigizaji aliyelitia uhai, na mwongozaji aliyeamua nani asimame wapi na anyamaze lini. Ilhali tamthilia haikutungwa isomwe kimya kimya. Ilitungwa itazamwe na isikike. Kwa sababu hiyo napenda kuwaeleza walimu wenzangu habari za mwanamke aliyezifanya kazi zote tatu, ya kutunga, ya kuigiza na ya kuongoza, naye ni Profesa Amandina Lihamba wa Tanzania. Nitaeleza pia jinsi habari zake zilivyonifaa mimi niliyeanza ualimu Gitega na sasa nafundisha Muyinga.

Lihamba alizaliwa mwaka 1944 katika mkoa wa Morogoro. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, yeye na wenzake walikuwa vijana, na sanaa ilitakiwa iseme na wananchi kwa lugha yao. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifundisha sanaa za maonyesho kwa miaka mingi, akafikia cheo cha uprofesa. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho nchini Tanzania baada ya Azimio hilo. Lakini hakuwa msomi wa maktabani tu. Aliyoyaandika aliyapima jukwaani, na aliyoyaona jukwaani aliyarudisha katika maandishi.

Tazama Hawala ya Fedha, tamthilia yake iliyochapishwa mwaka 1980. Kisa chake alikitoa kwa Ousmane Sembène, mwandishi na mtengenezaji filamu wa Senegal: mtu maskini anapelekewa hawala na jamaa yake aliye ng'ambo, lakini hawezi kuichukua fedha kwa kuwa hana kitambulisho. Anatumwa ofisi hii na ofisi ile, huku madeni yakizidi na walaghai wakimzunguka. Lihamba alikichukua kisa hicho cha Dakar akakipa mwili wa Kiswahili. Huo ni ustadi wa mwongozaji, ajuaye kwamba hadhira haina budi kujiona yenyewe katika mchezo. Mwaka 1982 ilitoka Harakati za Ukombozi, aliyoitunga pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Na mwaka 1992 ukatoka Mkutano wa Pili wa Ndege.

Pamoja na vitabu hivyo, mimi naona ya kuwa urithi wake mkubwa uko mahali pengine. Mapema katika miaka ya 1980, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu walikwenda Malya, katika mkoa wa Mwanza, kufanya kazi ya maonyesho pamoja na wanakijiji. Wasanii hawakufika na mchezo uliokwisha kutungwa. Waliwauliza watu matatizo yao, wakayachambua pamoja nao, kisha mchezo ukatungwa kwa ngoma na sanaa za pale pale, na baada ya onyesho watu wakajadiliana la kufanya. Mwaka 1996 yeye na Penina Mlama (ndiye Penina Muhando tuliyemtaja) walianzisha mpango wa Tuseme kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Wasichana huyataja wenyewe yanayowakwamisha katika masomo, huyatungia mchezo, huuigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, na mjadala hufuata. Mpango huo umevuka mipaka ukaingia katika nchi nyingine za Afrika. Jina lake lenyewe ni somo la sarufi: kitenzi kimoja, kiambishi cha wingi, na irabu ya mwisho inayohimiza.

Kuna jambo moja katika maisha yake ya uigizaji ambalo hunifikirisha kila nikumbukapo. Katika filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill na kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar mwaka 2001, Lihamba aliigiza Samehe, mwanamke aliye katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye hajanena neno kwa miaka 20. Mtu aliyekuwa akiwafundisha wengine kusema alipewa dhima ya bubu! Kwa hakika ilimfaa. Ajuaye thamani ya sauti ndiye ajuaye uzito wa kunyamaza.

Msomaji aweza kusema: hayo ni ya Tanzania, sisi Warundi yatuhusu nini? Nami nitamjibu kwamba kwetu pia yalikuwapo. Mwaka 1997, vita vikiendelea, Studio Ijambo ilianza kurusha redioni mchezo wa Kirundi uitwao Umubanyi niwe muryango, yaani jirani ndiye ndugu. Mtunzi wake alikuwa mwanamke, Marie-Louise Sibazuri, na kisa chake kilihusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Nilikuwa kijana Gitega wakati huo. Saa ya mchezo ikifika, wenye redio waliitoa uani, na watu ambao mchana hawakusalimiana walisikiliza maneno yale yale. Nguvu ya mchezo, basi, hatukuisoma kitabuni tu.

Ama kuhusu Kiswahili, kazi yetu Burundi ina ugumu wa peke yake. Lugha hii ilifika kwa wafanyabiashara, ikajenga makao katika mitaa ya mijini, na kwa muda mrefu kumwita mtu Mswahili kulikuwa karibu na kumwita mjanja au mwongo. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikapata nafasi shuleni, lakini aibu haifutwi kwa mtaala. Hapa Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero, darasani huketi watoto waliozaliwa katika kambi za wakimbizi Tanzania. Hao wanakijua Kiswahili kuliko wenzao wote, nao ndio wanaonyamaza kuliko wote.

Mwaka mmoja niliwasimulia wanafunzi kisa cha hawala, nikawaambia wakitunge upya kana kwamba kimetokea Muyinga. Wakamweka mzee ambaye mwanawe amemtumia fedha kutoka Dar es Salaam. Akahitajika karani wa kumkatalia, na hakuna aliyeijua lugha ya karani. Ndipo msichana mmoja wa kambini, ambaye tangu muhula uanze alikuwa akijibu kwa kichwa tu, alisimama nyuma ya dawati. "Mzee, karatasi hii haijatimia. Kaa pembeni, mwite anayefuata." Alisema kwa utulivu na ukali wa mtu aliyepanga foleni nyingi. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza, kwani kila mmoja alikuwa na mzazi aliyewahi kuambiwa akae pembeni. Wiki iliyofuata wenzake walimwendea kumwuliza maneno, na yeye akawajibu.

Walimu wenzangu, najua mtaniambia juu ya madarasa ya wanafunzi wengi na vitabu vichache. Lakini mchezo hauhitaji vitabu vingi. Wahitaji kisa kimoja kinachowagusa watoto, nafasi ya hatua nne mbele ya ubao, na mwalimu anayekubali kuketi nyuma asikilize. Wagawie dhima kwanza wale wasionyosha mkono. Makosa ya upatanisho yaandike katika daftari lako, uyasahihishe kesho yake. Usimkatize aliyekwisha kuanza kusema.